Mikono Iliyokataliwa na Simiti

Tangu niache kazi siwezi kutulia. Naweka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, jikoni, natoka kuangalia kama kuku wamepewa maji, narudi nakuta sufuria imekauka na nyumba imejaa moshi. Kanisani hapa Machakos, wakati wa kupeana amani, watu wananyoosha mikono kwa upendo na mimi nageuza kiganja cha jirani ili nitazame kati ya vidole. Jumapili iliyopita mzee mmoja alivuta mkono wake akaniuliza kama nimeanza kupiga ramli. Mume wangu, Mutua, anasema nitafute shamba la kulima. Shamba ninalo. Nililolipoteza ni ile kelele ya mashine ya kuchanganya simiti iliyokuwa ikinipa mdundo wa siku nzima.

Kwa hiyo Mwende, muuguzi kijana aliyechukua kiti changu kiwandani, aliponiomba nimwandikie nilivyofanya kazi pale, sikungoja aombe mara ya pili. Hii ni yako, Mwende. Ni ya yeyote mwingine pia atakayewekwa peke yake katika zahanati ya kiwanda, mahali ambapo daktari yuko mbali na meneja yuko mlango wa pili.

Kiwanda unakijua: matofali ya simiti, nguzo za ua na makulvati ya kupitishia maji chini ya barabara, nje kidogo ya Athi River, kwenye tambarare isiyo na mti hata mmoja wa kuvunja upepo. Siku yangu ya kwanza zahanati ilikuwa kontena la chuma lililopakwa rangi ya bluu. Ikifika saa nne asubuhi ungeweza kukaanga yai ukutani. Nilikuta kitanda, mizani ambayo sindano yake ilimpa kila mtu uzito mmoja, dawa za maumivu, na makatoni ya dawa ya fangasi. Muuguzi aliyenitangulia aliamini kwamba kila kinachowasha ni fangasi. Wafanyakazi waliizoea dawa hiyo hata walikuwa wakiipaka kwenye midomo iliyokauka.

Nilikuwa nimetoka wodi ya wazazi. Nilijua kupokea mtoto, sikujua lolote kuhusu simiti. Nyinyi wa siku hizi mnaandika saruji kwenye ripoti zenu, na ni neno zuri, lakini mtu akikuambia saruji pale uwanjani ujue ni mgeni. Siku ya pili tu aliletwa mtu aliyepiga magoti asubuhi nzima kwenye konkriti mbichi, suruali imetoboka, bila kuhisi kitu. Mchana ngozi ya magoti ilikuwa imekuwa nyeusi kama maganda ya ndizi yaliyokaa juani. Hapo nilijifunza la kwanza: simiti ikiwa na maji huunguza, na huunguza kimya kimya. Kwa hilo unahitaji maji mengi ya bomba, haraka, na kumvua mtu nguo bila kuona haya. Kuungua hakuchagui. Ukimlaza chifu ndani ya konkriti mbichi ataungua sawa na kibarua.

Kilichonisumbua ni mikono. Walikuja na mikono iliyopasuka kama udongo wa Masinga wakati wa kiangazi, inatoa majimaji, inawasha hadi mtu anaikwaruza kwenye kona ya meza akizungumza nami. Niliwapa ile dawa ya fangasi maana ndiyo iliyokuwepo. Wengine walipata nafuu, kwa sababu niliwaambia pia wapumzike. Waliporudi kazini, mikono ilirudi palepale. Na jambo lililoniudhi kabisa ni kwamba wanaume wawili walichanganya ndoo moja, kwa miaka ileile, mmoja ana mikono ya mtoto na mwingine hawezi kufunga vifungo vya shati.

Nikampata Daktari Nzioka. Alikuwa afisa tabibu wa ngozi katika hospitali moja mjini Machakos, lakini foleni yake yote ilimwita daktari na yeye hakuwa na muda wa kuwasahihisha. Mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, na ana mazoea ya kunusa mikono ya wagonjwa. Nilimpelekea watu watatu kwa gari la kiwanda. Hakuwauliza wanaumwa wapi. Alishika mkono wa kila mmoja, akaugeuza, akauliza, "Huu mkono jana ulishika nini? Na ukienda nyumbani likizo, unapona?"

Wote watatu walisema wakienda nyumbani wanapona.

"Sasa umesikia," akaniambia. "Fangasi haijui kalenda. Haiendi likizo Krismasi."

Kuanzia hapo kila Alhamisi nilikuwa chumbani kwake. Aliniomba nije na lenzi yangu mwenyewe ya kukuzia kwa sababu yake alikuwa hamwazimi mtu. Alinifundisha kipimo cha mgongo: visahani vidogo vya bati, kila kimoja na tone la kitu kinachoshukiwa, vinabandikwa mgongoni kwa plasta na kuwekewa alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Mgonjwa anakaa navyo siku mbili bila kuoga mgongo wala kutoka jasho jingi, kisha unabandua na kusoma, halafu unasoma tena baada ya siku nyingine mbili, maana ngozi nyingine ni nzito kujibu. Huo ndio ufundi wote. Ugumu uko katika kumshawishi mtu wa mjengo asioge katika joto la Athi River.

Alinieleza kwa maneno ambayo bado nayatumia. Ndani ya simiti mna chembe za madini yanayoitwa kromiamu. Simiti ikiwa kavu mfukoni zimelala. Ikitiwa maji zinayeyuka, zinapenya kwenye ngozi iliyochubuka. Watu wengi mwili wao hauna habari nazo. Lakini mtu mmoja, baada ya miezi au baada ya miaka mingi, mwili wake unaamua kwamba huyu ni adui. Ukishaamua, hausahau. Tone dogo tu na mikono inawaka upya. Ndiyo maana wawili wanachanganya ndoo moja na mmoja tu anaumia.

Sasa nikufikishe kwa Musembi, maana bila yeye haya yote ni masomo ya darasani.

Musembi alitoka Kangundo na alikuwa akimalizia makulvati. Baada ya kalibu, lile umbo la chuma, kufunguliwa, mdomo wa kulvati huwa una makovu, na yeye aliulainisha kwa mwiko kisha kwa kiganja kitupu, taratibu, kama mtu anayempapasa ndama mgeni. Nilimwambia avae glavu. Akacheka. "Sista, glavu haina macho." Wageni wakija kukagua kiwanda, walipelekwa kwenye makulvati ya Musembi kwanza, na yeye alijifanya hawaoni.

Alinijia kwa sababu mkewe, Ndunge, alimlazimisha. Vidole vilikuwa vimevimba, mistari yote ya viganja imefunguka na kuonyesha wekundu. Alikuwa ameshajaribu oili ya injini, malimau, na maji ya chumvi. Kijijini walishasema ametupiwa kitu na jirani aliyegombana naye juu ya mpaka.

"Unalalaje?" nikamuuliza.

"Nalala na mikono nje ya blanketi. Ikipata joto inawasha hadi nalia. Usiniandike hivyo."

Nilimpeleka Machakos, akabandikwa visahani. Alilalamika njia nzima kwamba mgongo wake umekuwa ukuta wa matangazo. Siku ya kusoma, Nzioka alibandua plasta, akaniita na lenzi yangu. Sahani zote zilikuwa zimeacha ngozi safi isipokuwa moja. Chini ya hiyo palikuwa na duara jekundu lililoinuka, lenye vipele vidogo vya maji.

"Ndugu yangu, ni simiti," Nzioka akamwambia.

Musembi alituangalia kama watu wanaomtania. "Daktari, simiti ndiyo imenioa. Imenisomeshea watoto. Leo ndiyo inanikataa?"

"Imekukataa," Nzioka akasema. Hakuwa mtu wa kuzungushazungusha.

Tuliporudi, meneja aliniita. Bwana Kamau alikuwa mtu wa Murang'a aliyepanda kutoka stoo hadi ofisi ya meneja, mwenye haraka, asiye na roho mbaya. Aliuliza fundi wake atapona lini.

"Akiacha kugusa simiti mbichi," nikasema.

"Hadi lini?"

"Asiguse tena."

Aliweka kalamu chini akageukia dirishani. Nje palikuwa na mchanga, kokoto, mifuko ya simiti, na matofali mabichi hadi kwenye ua. "Sista, hebu nionyeshe kitu kimoja hapa ambacho si simiti."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ugonjwa, na jina lake, na sababu yake. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Ijumaa ile ile Musembi aliachishwa kazi. Alipita kwenye kontena akiwa amevaa nguo za nyumbani, mwiko wake umefungwa kwenye gazeti.

"Ulimwambia," akasema.

"Aliniuliza kama utapona. Nilisema ukweli."

"Ukweli wa nani? Hii ngozi ni ya nani, Sista? Si ni yangu? Mimi ndiye ulipaswa kuniuliza nikisemwa nisemwe vipi."

Nikamwambia angeendelea pale angeharibikiwa na mikono kabisa. Akaitazama hiyo mikono. "Sasa nimeiponya ya kufanyia nini?" Akaondoka bila kunipa mkono, na sikujua kama ni hasira au ni maumivu.

Baada ya wiki mbili nilienda Kangundo kumtafuta. Ndunge alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia mzee yuko chini kwenye kahawa. Nilimwona kwa mbali. Aliniona pia, akahamia mstari wa mbali zaidi. Nilikunywa chai nikarudi zangu.

Kisha zahanati ikawa kimya. Huo ndio wakati ambao sitausahau, Mwende, na nataka uujue kwa sababu kimya kitakudanganya. Kitabu changu kilijaa vichwa, tumbo, mgongo na mafua. Mikono, hakuna. Kamau aliona ripoti akanipongeza. Mimi nilikuwa sikai kitini. Nilizunguka uwanja asubuhi na jioni, na kila nilipopita mikono iliingia mfukoni. Watu walimeza dawa wakiwa na glavu. Mtu mmoja alikuja na jino bovu, akanionyesha kwa kidevu badala ya kidole.

Nilimbana Kamau kuhusu glavu, na nikiri kwamba alisikia. Alileta glavu za ngozi, nzito, zimeshonwa vizuri, akaita watu wote kuzigawa. Kila mtu alifurahi. Zilidumu, hazikuchanika kwenye kingo za kalibu. Nami nikajiambia angalau kuna kitu kimeenda mbele.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mbithe, mjane, mcheshi, kazi yake kubandua kalibu na kumwagilia matofali mabichi maji ili yakomae. Alikuwa akinitania kila asubuhi: "Sista, leo nani anazaa?" Nilikuwa nimezoea kumwona na glavu zake hata wakati wa chai, nikadhani anazipenda. Siku moja hakuja, na kesho yake pia hakuja. Kufika saa sita rafiki yake Katunge alisimama mlangoni kwangu, hataki kuingia, hataki kuondoka.

"Mwaitu," akaniita, kama tunavyomwita mama, ingawa tulikuwa rika moja. "Mbithe atanikasirikia."

"Kwa nini?"

"Kwa kuja hapa."

Tulikwenda pamoja kwa miguu hadi nyumba za kupangisha nyuma ya stesheni. Mbithe alikuwa kitandani, jasho jingi, mkono wa kulia umefunikwa na leso. Alipoona ni mimi aliuficha chini ya blanketi. Nilimsihi. Mwishowe Katunge alimshika mabega na mimi nikafungua leso.

Kiganja kilikuwa kimepasuka hadi ndani na kimeoza kidogo. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi kwenye kiwiko, na mstari mwekundu ulikuwa unaelekea kwapani. Mtu yeyote aliyesomea kazi hii anajua mstari huo unakwenda wapi. Nilipiga simu kwa Kamau nikamwambia alete gari, si kesho, sasa. Alikuja nalo yeye mwenyewe, na ameacha wageni ofisini.

Walimlaza. Kwa siku kadhaa daktari wa upasuaji alikuwa akipita kila asubuhi kuutazama ule mkono, na sote tulijua anafikiria kuukata. Niliketi kando ya kitanda baada ya kazi. Homa iliposhuka Mbithe alifumbua macho.

"Ulijua una ugonjwa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya Musembi kufukuzwa."

"Na ukanyamaza."

"Sista, niko na watoto wanne. Ugonjwa nilikuwa nauogopa. Lakini wewe nilikuwa nakuogopa zaidi."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido na nikahisi miguu inataka kwenda mahali, popote.

Nzioka alikuja kumwona. Alinusa mkono wa kushoto, ule ambao haukuoza, akavaa miwani vizuri. "Tazama hapa." Wekundu ulikuwa umeishia kwenye kifundo cha mkono kwa mstari ulionyooka, kama bangili. "Simiti haikati hivi. Simiti inarukaruka. Hii imekatwa na nini?"

Nikatambua. Pale ndipo glavu inapoishia.

"Glavu gani?"

"Za ngozi."

"Na ngozi ya ng'ombe, ili isioze na iwe laini, huwa inalowekwa kwenye nini?" Hakungoja nijibu. "Kromiamu. Kwa mtu asiye na shida, glavu hizo hazina neno. Kwa huyu mama, mmemtoa kwenye simiti mkamfunga simiti nyingine mkononi. Na hakuwa akizivua kwa sababu alikuwa anajificha."

Kesho yake nilimwomba Kamau twende wodini. Alitaka kutuma matunda. Nikamwambia matunda yatakuja na yeye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, amebeba maembe kwenye karatasi, na muuguzi wa pale akaja kubadilisha bandeji. Kamau hakugeuza uso. Ninampa heshima kwa hilo.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" akamuuliza Mbithe.

"Ningekuambia ungefanya nini, meneja?"

Kamau aliweka maembe kando ya kitanda akainuka. Tulipofika getini alizima gari akasema, "Mara ile nilikuuliza unionyeshe kitu ambacho si simiti, ukanyamaza. Leo tushuke tutafute."

Tulizunguka kiwanda chote kwa miguu, mimi na viatu vyangu vya wodini, yeye na tai. Geti si simiti. Stoo ya vipuri si simiti. Kukunja nondo za nguzo si simiti, ni chuma na mafuta. Matofali yaliyokomaa na kukauka hayana madhara kama mabichi, kwa hiyo kuyahesabu na kuyapanga kwenye lori kunaweza kufanywa na mtu ambaye mikono yake imekataliwa, mradi avae kitu. Tulifika hadi jikoni kwa mpishi, akatutimua. Kufika saa kumi Kamau alikuwa amepata nafasi kadhaa, na amechoka, na nilimwona kwa mara ya kwanza akikaa juu ya kokoto.

"Hakuna mtu nitamfuta tena kwa sababu ya mikono," akasema. "Atahamishwa. Lakini waambie wewe. Mimi hawataniamini."

"Mimi ndio hawataniamini kabisa," nikamwambia.

Yalifuata mambo ambayo ukiyaona leo unadhani yalikuwepo siku zote. Mabomba ya maji karibu na mashine ya kuchanganya, na sabuni, ili mtu anawe kabla ya chakula na si baada. Glavu ndefu za mpira mgumu, na za pamba za kuvaa ndani ili jasho lisifanye kazi ya simiti. Za ngozi tuliwaachia watu wa nondo. Kamau alimsumbua muuzaji wa simiti hadi akatuambia kwamba iko aina inayotiwa chumvi ya chuma kiwandani, inayoituliza kromiamu, ila haikai sana ghalani kabla nguvu hiyo haijaisha. Tukaanza kuichukua kidogo kidogo, ili itumike na kuisha mapema. Usikubali, Mwende, mtu akikuambia mfuko wa zamani ni sawa na mpya. Soma tarehe.

Lakini mikono ilibaki mifukoni. Kamau alitangaza kwenye mkutano wa asubuhi, watu wakapiga makofi ya adabu na kurudi kazini. Nilitangaza mimi, hawakupiga hata makofi. Ilikuwa hivyo mpaka Mbithe aliporudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwa vinakunjika tena, na havikunjiki hadi leo. Alipewa kazi ya stoo. Jumatatu yake ya kwanza alisimama mbele ya watu wote bila kuitwa, akaufungua mkono na kuuinua juu.

"Mnauona huu?" akasema. "Nimeuficha miezi. Mimi niko stoo sasa, meneja ameniweka, na nitakaa hapo. Yule ambaye bado anaficha, akae akificha. Atakuja kujifunza kufunga sidiria na mkono wa kushoto kama mimi."

Wanaume walicheka kwa kuona haya, wanawake wakacheka kweli. Siku hiyo hakuna aliyekuja. Kesho yake, mchana kweupe, foleni ikiwa imejaa watu wa mafua, Wambua wa mashine ya kuchanganya aliingia, akavua glavu, akaweka viganja vyake mezani. "Sista, simiti imenikataa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. Nilimuuliza kwanza anataka kufanya nini, na nimwambie nani, na kwa maneno gani. Tulizungumza hadi watu wa mafua wakaanza kugonga bati. Baada ya hapo waliendelea kuja. Sikuwahi tena kumwambia meneja jambo la ngozi ya mtu kabla mwenye ngozi hajanituma.

Kamau alikubali Musembi arudi, kazi ya kukagua makulvati. Nilimpigia simu mwenyewe nikiwa na furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kukagua. Nitembee nikiangalia wengine wakikosea?"

"Ni kazi ya heshima, Musembi."

"Kwako." Akakata.

Nilimpigia tena mwaka uliofuata, hakushika. Nzioka alistaafu, akafuga nyuki, na baada ya muda tukamzika. Kamau alihamishwa. Mimi nilikaa hadi siku zangu zikaisha, wakanikatia keki yenye umbo la tofali, na Mbithe akawalisha watu kwa mkono wa kushoto.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nimesema siwezi kutulia. Mwezi uliopita, wiki ya tatu ya kukaa nyumbani, nilimwambia Mutua naenda sokoni Kangundo kununua parachichi. Alinitazama nikitia glavu na dawa ya kupaka kwenye kiondo, hakuuliza parachichi zinapakwa nini.

Kwa Musembi pamebadilika. Kahawa ipo, na kando yake pamesimama nyumba mpya ya mawe, ya vyumba vitatu, imeezekwa, bado haijapigwa plasta. Ndunge alikuwa akichanganya simiti na mchanga kwa sepetu. Na mwenyewe, mvi kichwa kizima, alikuwa kwenye ukuta wa mbele na mwiko, mikono yake imefungwa mifuko ya plastiki kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka zamani.

"Nilijua utakuja siku nikishika simiti," akasema bila kugeuka. "Unainusa ukiwa Machakos?"

"Shuka, Musembi."

"Sista, nimewalainishia watu makulvati nchi nzima, maji yao ya mvua yanapita humo na hawanijui. Huu ni ukuta wangu. Siwezi kumpa kijana aukwaruze."

"Mikono inawasha?"

Ndunge ndiye aliyejibu. "Halali. Tangu tuanze plasta halali."

Sikubishana. Nilimwomba Ndunge maji safi. Musembi alishuka mwenyewe kwenye ubao, polepole, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuninyooshea mikono. Nilifungua ile mifuko. Mikono ilikuwa mibaya kama mwaka ule, ngozi imefunguka kwenye mistari yote. Niliiosha, nikaikausha bila kusugua, nikaipaka dawa na kuifunga pamba. Alikuwa akiangalia ukuta wakati wote, siyo mikono. Simiti aliyochanganya Ndunge ilikuwa inaanza kukauka kwenye sinia.

"Itaharibika hiyo," akasema.

"Iharibike."

"Ndunge hajui kurusha plasta. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Vaa hizo glavu zako basi."

Nikazivaa, za pamba ndani na za mpira nje. Nilifunga leso kiunoni, nikapanda ubaoni na umri wangu wote, na Ndunge akanipa mwiko. Nilichota, nikabandika ukutani, nikasambaza.

"Rusha!" Musembi akapaza sauti kutoka kwenye ndoo. "Unapaka mkate siagi? Rusha kutoka kwenye kifundo!"

Nikarusha. Nusu iliniangukia viatuni. Ndunge alikaa chini akicheka na leso mdomoni. Musembi hakucheka. Alinielekeza kwa kichwa na kwa viwiko, juu, kushoto, bonyeza, vuta, usirudi nyuma, vuta. Jua lilikuwa limepanda na bega langu lilikuwa linawaka, lakini kwa mara ya kwanza tangu keki ile sikutaka kwenda mahali pengine. Nilipomaliza kipande cha upana wa mlango nilishuka, nikasimama kando yake kukitazama. Kilikuwa na mawimbi kama godoro la zamani.

Alikiangalia, mikono yake miwili imelala mapajani ndani ya pamba nyeupe.

"Kwangua," akasema. "Anza tena, Sista, kabla haijashika."

Nikapanda, nikakwangua, nikaanza tena.